Bastola Iliyokataa Mkono wa Madam

Al Twar, Dubai

Dada Jecinta,

Nimeona picha za harusi ya kaka Lenny. Keki ilimshinda bibi harusi kwa urefu! Mimi ni mzima. Kanisani Oud Metha sijaruhusiwa kwenda tangu Januari.

Sir alikuwa akimwandalia mkewe, madam, zawadi ya siri: bastola ya kizamani, ile ya risasi sita. Mtutu mfupi aliukataa, eti unarusha mkono, akachukua wa inchi sita. Mpini alitaka wa mpingo, uchongwe kwa kipimo cha kiganja. Akaniita jikoni. "Ivy, mikono yako na ya madam ni sawa." Akanipa donge la udongo nilifinye, akalipeleka kwa fundi. Mkono wenyewe hakuutazama.

Jana madam alifungua boksi mbele ya wageni. Bastola ikamteleza, mara mbili. Sir akaona aibu, akanipa mimi niishike ili wageni waone kosa si lake. Ikatulia kiganjani mwangu kama iliyozaliwa humo. Madam akatazama vidole vyangu viwili vilivyopinda, vile alivyovibana makusudi kwa mlango wa gari na kuninyima daktari. Akavuta kiti chake nyuma.

Sir akasema khalas, yaishe, iwekwe kabatini. Anayelipangusa kabati hilo ni mimi.

Leo asubuhi madam ameniita mpenzi, akauliza kama vidole bado vinauma. Nimemjibu haviumi tena, vimepata kitu cha kushika.

Mama asijue.

Mdogo wako,
Ivy