Damu Yangu Imetoa Namba Kubwa, Ndugu Wamenifungia Karakana

Mshauri mpendwa,

Mimi si mtu wa kuomba msaada, ila leo naomba, na unisamehe nikiandika kwa hasira maana hasira ndiyo iliyonikalisha chini. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mtaani wananiita Mama Cheche, karakana marehemu baba alituachia mimi na kaka yangu ambaye hajawahi kushika hata nyundo, na mwezi uliopita nilipata kazi ya vitanda sitini vya bweni la shule, shule ikataka cheti cha afya, nikaenda kupima nikijua napoteza asubuhi tu, kumbe kuna kipimo cha damu kinaitwa CRP ambacho wanasema kisizidi kumi, changu mia moja na kumi na mbili. Mhudumu wa maabara akaniambia, "Mama, kuna kitu mwilini, mwone daktari." Nikaikunja karatasi, nikaichomeka nyuma ya kalenda ya karakana, nikaendelea na kazi, kwa sababu siumwi, nachoka tu kama anavyochoka yeyote anayebeba chuma, na mguuni nina kidonda kidogo cha kazi nimekifunga kitambaa.

Wifi alikuja kutazama tarehe, akaiona karatasi. Jumapili wakakaa kikao kwa kaka, ndugu wote isipokuwa mwenye damu, wakaamua nina saratani, wakaamua nipumzike, wakaamua vitanda apewe fundi mwingine, na Jumatatu nikakuta kufuli jipya mlangoni. Kaka akanipigia, "Mdogo wangu, tumefanya hivi kwa kukupenda." Nikamwambia, "Kaka, nipende ukiwa mbali na mlango wangu." Nikaazima grainda kwa jirani, nikalikata lile kufuli mchana kweupe, mtaa mzima unatazama.

Sasa nimo ndani, nipo kitanda cha ishirini na tatu, na hospitali sirudi, maana nikirudi watasema walikuwa sahihi, na daktari akisema nipumzike kazi imekwenda. Mume wangu ananiletea chai na kusimama mlangoni. Niambie wewe, namba moja kwenye karatasi inaweza kumnyang'anya mtu kazi aliyoifanya miaka thelathini?

Mama Cheche

Jibu

Haiwezi, Mama Cheche, na kufuli ulilikata kwa haki. Sifa zako zinaishia hapo.

Kipimo hicho hakitaji ugonjwa. Kinasema mwili unapambana na kitu, basi. Kitu gani na kiko wapi, hakisemi. Jino bovu linaweza kukipandisha, mapafu, viungo, kidonda, na ndiyo, mara nyingine ugonjwa mkubwa. Kaka yako aliyesoma saratani mle alisoma kisichoandikwa. Wewe uliyesoma uchovu tu ulifanya yaleyale, tena kwa makusudi. Mia moja na kumi na mbili si namba ya kuchomeka nyuma ya kalenda.

Halafu kuna mguu. Umeuandika nusu mstari, kufuli umeliandikia aya nzima. Ndiyo maana sikungoja zamu ya barua yako, nikakupigia simu siku ileile.

"Kidonda kina muda gani?" nilikuuliza.

"Wiki tano. Cheche iliingia nikiwa na kandambili."

"Kinatoa usaha?"

Ukasema, "Wewe naye umeanza kama kaka."

"Kaka yako alikufungia mlango. Mimi nakuuliza swali."

"Kinatoa."

Nilikuambia kesho asubuhi ukafungue kitambaa hicho mbele ya daktari, ukanikatia simu. Sikukasirika, aliyefanyiwa kikao bila kuitwa ana haki ya kumkatia mtu simu.

Ulikwenda. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili: kumbe haikuwa cheche, daktari ametoa kipande cha waya kwenye muundi, amesema maambukizi yalikuwa yanaelekea kwenye mfupa, umeanza dawa, na wiki moja baadaye kipimo kimeshuka hadi arobaini na moja. Shule nayo, ulipoiomba wiki mbili zaidi, ilikupa bila maneno. Mwisho ukaniandikia, "Usimwambie kaka."

Simwambii. Utamwambia mwenyewe. Mwite karakana, mpe kiti, msomee karatasi zote mbili kwa sauti yako. Umwambie kwamba alikuwa na sababu ya kuogopa ila hakuwa na haki ya kufunga, na kwamba kikao kingine chochote kuhusu mwili wako utakiitisha wewe. Akikasirika, akasirike akiwa amekaa. Hukwenda hospitali kumpa ushindi. Ulikwenda kwa sababu mguu ni wako.

Dawa umalize zote, hata mguu ukipendeza. Kwa muda wote aliosema daktari uinue mguu, uinue, vyuma havioti miguu. Ukirudi kazini uvae buti na kinga ya muundi, acha ujeuri wa kandambili. Ukipata homa au wekundu ukipanda juu, usisubiri siku ya miadi. Na kidonda kikifunga huku namba imegoma kushuka, mwambie daktari atafute kwingine, usitoke chumbani mwake mpaka akueleze hatua inayofuata. Ubishi ule uliokatia kufuli una kazi hapo.

Arobaini na moja bado ni kubwa. Leo hii chagua tarehe ya kupima tena, na siku ikifika uende, hata kama utakuwa unajisikia mzima kuliko sisi sote.