Shuka la Mistari

Kakuma, Machi 1997

Shemeji Nakiru, ejok, hujambo?

Mvua bado, lakini mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Mume wako Ekeno hawezi kuandika, ndiyo maana naandika mimi.

Ile injini ya dizeli ya mipigo miwili inayovuta maji tuliifungua tujifunze: mimi, Ekeno na Dut, rafiki yetu wa kambini. Tulipoiwasha ikaanza kunywa oili yake yenyewe. Tulifunga dizeli, ikazidi kunguruma na kurukaruka kama inataka kutuua. Dut akapiga kelele tuizibe hewa. Ekeno akaisukumia lile shuka ulilomtumia kwenye mdomo wa kuvutia hewa, lakini hakufungua fundo la shingoni. Injini ikavuta shuka, ikamvuta na yeye, ikamgongesha uso kwenye chuma, tena na tena. Nilikata shuka kwa kisu cha duara ninachovaa mkononi kama bangili, nikamkata na bega. Injini ilipozimika, niliipiga kwa nyundo mpaka Dut akanishika.

Akiamka anauliza shuka lake liko wapi. Nimemwambia liko salama. Kwa hivyo njoo upesi, na ulete lingine la mistari ileile. Ukikosa la mistari, leta lolote. Hataliona.

Ni mimi shemeji yako,
Lomuria