Kufuli la Stoo Mfukoni mwa Chiriku

Baba Chiriku,

Umelala kama gogo, sikukuamsha. Chai iko kwenye chupa. Mvua ikianza, anua nguo. Stoo iko wazi, kufuli ninalo mimi.

Unajua nimelitoa wapi? Namvalisha mwanao sketi, ikaporomoka hadi miguuni, ko! Mfukoni mna kufuli na spana zako mbili. "Baba kaniwekea, ili leo nesi akinipima shuleni asiseme tena mimi mwepesi." Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe limekuumbua kufuli.

Nikamwambia apanue kinywa. Gego la kushoto limetoboka, unaweza kupanda harage. Ndiyo maana hali akashiba: akitafuna, linamuuma. Anakonda, nawe unamjazia sukari kwenye uji na biskuti juu yake, eti anenepe. Jino linazidi kuoza, mtoto anazidi kukonda. Hongera, fundi!

Basi shule leo haendi, tunakwenda kwa daktari wa meno. Sukari nimeificha ~~kwenye debe la unga~~ usipopajua.

Nimekasirika. Kucheka nimecheka, lakini usijipendekeze.

Halafu, akivaa viatu, kaniuliza kama utakasirika akirudi bado mwepesi. Nimemwambia mtoto mwepesi ndiye anayebebeka.

Kwa hiyo utungoje mlangoni. Biskuti usishike. Mikono iwe mitupu, umbebe.

Mama Chiriku