Bi Mwaisha Abeid, Uliyeuliza "Nianze?"

Mwaka umetimia, mama, tangu ile Ijumaa ya msimu wa korosho tulipokusindikiza makaburini Mikindani. Chumba chako bado kinanukia mafuta ya nazi. Wapo wateja ambao hawakupata habari. Wanabisha hodi, tunawaambia, nao wanakaa kibarazani kidogo kabla ya kuondoka.

Ulikanda watu kwa miaka thelathini na moja: wanawake waliotoka kujifungua, wapagazi wa bandarini wenye viuno vibovu, wazee wasioweza kuinua mkono. Kila mmoja ulimuuliza kwanza, mikono ikiwa imeshapakwa mafuta: "Nianze?" Hata sisi wanao wa kuzaa ulituuliza. Tukinyamaza kwa kukutania, ulikaa vilevile, mikono hewani, mpaka tujibu.

Wenzako walipokuchagua uwawakilishe kwenye Chama cha Wakandaji, baba alicheka akasema sasa vikao havitaisha mapema. Hakukosea. Maneno ulikuwa nayo, mama, na hukuweza kumsikiliza mtu bila kumkagua mabega. "Mwenyekiti, bega lako la kushoto limepanda," ulimkatiza siku moja katikati ya ajenda. "Jana ulilalaje?"

Lakini chama kilipoamua kwamba kitambulisho atapewa yule tu atakayefaulu mtihani wa kuandika, mzaha ulikwisha. Bila kitambulisho, mtu asingeruhusiwa kufanya kazi. Bibi saba wa Msimbati na Ziwani, waliofundishwa na mama zao, wangebaki nje. "Mwanangu, mie kalamu naishika siku ya kupiga kura tu," Bi Zainabu alikwambia.

Wewe cheti ulikuwa nacho, na kitambulisho chako kilikuwa tayari mezani. Ukakirudisha. "Nitakichukua siku watakayochukua wao," ulisema, ukaacha na kibarua chako cha kukanda wageni hotelini. Tulikulaumu wakati ule. Utusamehe.

Ulihangaika miaka miwili mpaka wakakubali mtihani wa mikono. Siku yenyewe mtahini, Bwana Frank kutoka Dar es Salaam, alilala mkekani yeye mwenyewe, daftari ubavuni. Bi Zainabu akapaka mafuta, akauliza, "Nianze?" Mtahini kimya. Bibi naye kimya, mikono hewani. Wakakaa hivyo muda mrefu, kisha Bwana Frank akavuta daftari akaandika kwamba mtahiniwa hajui pa kuanzia.

Uliinuka kitini. "Mwalimu, amekuuliza. Mjibu!"

Alipojibu, haikuchukua muda akawa anakoroma. Bi Zainabu alifaulu, na wenzake sita baada yake.

Vitambulisho vilichelewa kutengenezwa, na kiharusi kikakuwahi. Bibi wote saba walikuja kukukanda kwa zamu. Siku ya mwisho zamu ilikuwa ya Bi Zainabu, na wewe ulikuwa husemi tena tangu juzi yake. Akapaka mafuta, akauliza, "Nianze?"

Tukamwambia huku tunalia, "Anza tu, bibi. Mama hasemi."

"Sijawauliza ninyi," alisema. "Namuuliza mwenyewe."

Tukasubiri, chumba kizima. Mikono yake hakuishusha. Ndipo ukainua kidole cha shahada, kidogo tu, na bibi akaanza.

Siku ya arobaini yako walikuja wote saba, vitambulisho vikiwa shingoni. Cha kwako walikileta kwenye bahasha. Binti yako Latifa amekihifadhi ndani ya msahafu wako, na bado inatuuma kila tukiufungua.

Hitima itasomwa nyumbani Mikindani, Ijumaa hii baada ya swala ya Alasiri. Mwenyezi Mungu akurehemu na kukupa kauli thabiti.

Unakumbukwa na mume wako Mzee Hemedi. Wanao Latifa, Idrisa na Yasmini. Wakwe na wajukuu zako. Na Bi Zainabu na wenzake sita, ambao wametuomba tuwaandike humu pamoja na ndugu. Tumewaandika, mama. Hatutakusahau maisha yetu yote.