Kamwene Niliyoiacha Makambako

Njombe,
Jumatano, baada ya chai ya saa nne.

Kaka yangu mpendwa Elieza,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mama, pamoja na lile goti lake linalojua mvua kuliko redio. Mimi sijambo. Baridi ya Njombe mwezi huu wa Julai unaijua mwenyewe: asubuhi tunanawa uso kwa ncha za vidole, na ukungu hauondoki uwanjani mpaka saa nne. Lakini nakula, nalala, na leo nakuandikia nikiwa bingwa wa mpira wa kikapu wa vyuo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu ningelificha mpaka ukurasa wa pili ningepasuka.

Utaona nimekupa shikamoo, kamwene sijakupa. Najua umeshakunja uso, maana kwetu Wabena shikamoo tulifundishwa shuleni, kamwene tulizaliwa nayo. Sijasahau. Siku ile ya fainali wewe ulinipa kamwene yako mbele za watu nami sikuitikia, na tangu siku ile nimejaribu kukupigia simu mara tatu nikakata kabla haijaita. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Ila vumilia kidogo nikusimulie tulivyoshinda, kwa kuwa wewe uliona kipande tu, na ushindi wenyewe una mkono wako ndani yake.

Mwaka jana unakumbuka tulivyokuwa. Mechi tano, tukafungwa zote tano, na moja tulifungwa sitini na moja kwa kumi na tisa. Mpishi wetu wa bwalo alikuwa akituuliza kama tunakwenda kucheza au kuwasalimia wenzetu. Kapteni wetu, Oktavia, alikuwa mchoyo wa mpira. Ukimpa, umeuaga. Judith wa Makete, yule mfupi uliyemwona amefunga kitambaa chekundu kichwani, alikuwa hawezi kudunda mpira kwa mkono wa kushoto hata hatua mbili. Mimi nilikuwa narusha pasi kama ninayemfukuza mbuzi shambani, mwenye kudaka adake, asiyedaka shauri yake. Na Jenifa wa Ilembula, ambaye kwa urefu na upana Mungu alimuumba kwa ajili ya mchezo huu, alikuwa na adabu iliyopitiliza. Akimgusa mpinzani anasema samahani. Mara moja mpinzani alianguka, Jenifa akamwinua, akamkung'uta vumbi, halafu akamrudishia mpira. Mwalimu wetu Benno Mgaya alikaa chini kwenye benchi akafunika uso kwa kofia.

Sasa sikiliza walivyobadilika. Judith alijifunga mkono wa kulia kiunoni kwa kanga wiki mbili nzima, akafanya kila kitu kwa kushoto: kuandika, kufua, hata kula. Mpishi alimnyima nyama siku tatu, akisema chuo cha ualimu hakiwezi kutoa mwalimu anayekula kwa mkono wa kushoto. Judith akala maharage na hakuacha. Leo hii mkono wake wa kushoto unadunda mpira huku yeye anaangalia pengine kabisa.

Oktavia na Jenifa waliponywa na kabichi, na hapo ndipo unapoingia wewe.

Likizo ya Desemba nilikuletea chakula pale mnapopakia kabichi, nikalalamika kwamba pasi zangu hazifiki. Wewe ulinipandisha juu ya lori na kuniambia nidake. Wiki nzima nilidaka kabichi mpaka mikono ikanuka kabichi kanisani. Uliniambia kwamba mtu harushi kwa nguvu, anarusha kwenye mikono ya mwenzake. Ukaniambia sheria ya kijiwe chenu: aliye chini husema kamwene, na asirushe mpaka aliye juu aitikie kamwene, kwa sababu anayeitikia salamu ameshakuona. Mwenzako Shedrack aligeuza shingo siku moja kabla hajaitikia, na sikio lake mpaka leo ni shahidi. Nilicheka, ukanikaripia, ukasema hakuna kabichi ya mtu asiyeitikia.

Niliporudi chuoni Januari niliifundisha timu yote sheria hiyo. Tulianza na mipira, Mwalimu Benno akasema hapana, kama ni kabichi iwe kabichi, akanunua kumi. Mwenye mpira anasema kamwene, mwenye nafasi anaitikia, ndipo pasi inatoka. Oktavia akapona uchoyo, maana hakuna Mbena anayeitikiwa kamwene halafu akaondoka zake na mzigo. Jenifa naye akapata kitu cha kusema badala ya samahani. Timu za mbali zilikuwa zinashangaa, zinasema hawa wa Njombe wanaamkiana mchezo mzima, nasi tunazidi kufunga. Tulishinda mechi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka tukaja kucheza fainali hapo kwenu Makambako, kwenye kile kiwanja cha shule kando ya barabara kuu.

Mwalimu Benno aliniuliza nimetoa wapi ujuzi ule. Jibu nililompa nitakueleza mbele, kwa sababu linanichoma.

Wapinzani wetu wa Mbeya walikuwa wazuri, nisiwanyime haki yao. Zilipobaki dakika tatu walikuwa wanaongoza arobaini na saba kwa arobaini na nne. Jenifa akapata mpira, wasichana wawili wakambana kwenye kona, karibu kabisa na waya wa uzio. Akauinua mpira juu, akasema kamwene, akatega sikio. Sisi wote tulikuwa tumekabwa, hakuna aliyeweza kumwitikia. Akasema tena. Ndipo sauti ya kiume ikaitikia kamwene kutoka nyuma yake, juu, na Jenifa bila kuuliza hiyo ni sauti ya nani akageuka akaurusha mpira kule ilikotoka. Ukapita juu ya waya. Ukaenda moja kwa moja kwenye mikono yako, kaka, wewe uliyesimama juu ya shehena ya kabichi, kwenye lori lililoegeshwa kando ya barabara, na uliudaka kwa mkono mmoja bila kuyumba.

Watu walicheka mpaka refa akasahau kupuliza filimbi. Nami nilikuwa wa karibu zaidi na waya. Uliniona, uso wako ukachanua, ukasema kwa sauti ambayo uwanja mzima uliisikia, Kamwene Erica. Ukangoja. Nilikuona unangoja. Halafu ukaurusha mpira bila kuitikiwa, kitu ambacho sijapata kukuona ukifanya tangu nianze kukufahamu, nao ukanifika kifuani. Niliudaka, nikakugeuzia mgongo.

Refa aliwapa Mbeya mpira, ilikuwa haki yao. Lakini walikuwa bado wanacheka, na anayecheka hakazi mikono. Judith aliwanyang'anya, akakimbia nao kwa kushoto kutoka mwisho mpaka mwisho, akafunga. Arobaini na saba kwa arobaini na sita. Tukakabana hivyo mpaka zikabaki sekunde kumi, mpira ukiwa kwao. Jenifa akamwendea mwenye mpira, akamgonga bega kihalali kabisa, akauchukua, na nakuapia kaka hakusema samahani. Akampa Oktavia. Oktavia alikuwa na nafasi ya kufunga mwenyewe. Mwaka jana angefunga au angekosa, lakini angekuwa yeye. Akasema kamwene. Jenifa, ambaye alikuwa ameshakimbilia chini ya kikapu na mwili wake wote ule, akaitikia. Mpira ukaenda, ukapanda, ukazunguka kwenye chuma mara mbili, ukaingia.

Tuliruka, tulilia, tulimbeba Mwalimu Benno tukamwangusha, tukambeba tena. Kina mama wa sokoni waliingia uwanjani na vigelegele. Nilipogeuka kutazama nyuma ya waya, lori lilikuwa limeshaondoka.

Sasa jambo lenyewe. Mwalimu Benno ana utaratibu wake: kila msimu ukiisha, kila mchezaji anaandika kwenye karatasi jina la mwenzake aliyepiga hatua kuliko wote, na sababu, kisha yeye anazisoma mbele yetu. Kujiandika mwenyewe ni marufuku. Jana baada ya chakula cha mchana alizisoma bwaloni, na mpishi akisikiliza. Tuko kumi. Watano walimwandika Jenifa, na sababu moja ilisema tu kwamba hakusema samahani. Mmoja alimwandika Judith. Mmoja, ambaye ni mimi, alimwandika Oktavia. Wawili waliniandika mimi, wakasema pasi zote tulizonazo nilizileta mimi. Nilipigiwa makofi, nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu.

Karatasi ya mwisho ilikuwa ya Jenifa mwenyewe. Aliandika hivi: "Mimi namwandika yule kaka wa juu ya lori. Najua si mchezaji wetu. Niliita nikiwa nimebanwa na yeye ndiye aliyeniitikia, na sijawahi kudakiwa mpira vizuri namna ile. Kama kuna anayemjua, amwambie Jenifa anashukuru."

Watu wakacheka. Mimi nililia, kaka. Nililia kilio cha aibu mpaka Judith akadhani nimefiwa.

Nikawaambia. Nami nakuambia wewe kama nilivyowaambia wao, bila kupunguza. Januari, Mwalimu Benno aliponiuliza nimetoa wapi ujuzi ule, nilimjibu kwamba nimeuona kwenye video, kuna mwalimu mmoja wa nje anafundisha kudaka kwa kabichi, na kamwene nimeiongeza mwenyewe. Sikutaka wajue ni kwa kaka yangu kuli wa kabichi, maana mwaka wa kwanza niliwaambia kwamba kaka ni mfanyabiashara wa mazao, na uongo ukishaanza kutembea unataka mwenzake. Na siku ya fainali, pale Oktavia aliponiuliza yule mtu anakujuaje jina, nilisema simfahamu. Nilisema ni kuli tu, amelisoma jina langu mgongoni kwenye jezi. Wewe ulikuwa bado umesimama pale. Sijui kama ulisikia. Tangu siku ile nimekuwa nikiomba uwe hukusikia, na ninaandika haya nikiamini kwamba ulisikia, kwa sababu lori halikuondoka kwa haraka namna ile bila mtu kuligonga bodi kumwashiria dereva aondoke.

Wazee walisema kweli, njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilianzia Njombe ikakomea Makambako.

Nilipomaliza, Oktavia ndiye aliyeanza kusema, na alianza kwa hasira. Aliniambia kwamba kosa langu si kuona aibu, kila mtu ana siku yake ya ujinga, kosa langu ni kuwanyima mtu wa kumshukuru msimu mzima. Akasema yeye uchoyo wake ulikuwa wa mpira, wangu ni wa kaka. Mwalimu Benno akavua kofia, akasema kura ya Jenifa ni halali, anaiandika kwenye daftari la timu, na jina atakaloandika ni jina lako kamili, Elieza, si kaka wa lori. Mpishi akauliza kama huyo kuli anakula kwa mkono wa kulia, akaambiwa ndiyo, akasema basi aje atapewa nyama.

Timu nzima imeazimia kuja Makambako Jumamosi hii. Wanataka kupanga mstari pale mnapopakia na kukuamkia mmoja mmoja, Jenifa akiwa wa kwanza. Kombe tunakuja nalo. Mwalimu Benno anataka kukuomba, kama nafasi ipo, uwe unapanda Njombe Jumamosi moja ya kila mwezi utufundishe kudaka. Niliwaambia wasije kwanza mpaka nikuandikie, kwa sababu hawa wanakuja kushukuru, lakini mimi nakuja kuomba msamaha, na mambo hayo mawili yasichanganywe. Kaka, nisamehe. Ulinipandisha juu ya lori ukanifundisha kuitikia, halafu wewe ndiye wa kwanza niliyemwacha bila jibu.

Jumamosi nitasimama chini, mahali pa mrushaji, na kabichi mkononi. Nitakuamkia. Usipoitikia nitaelewa, nitaiweka chini taratibu na hakuna atakayeumia.

Barua hii nampa Abel, dereva wa chuo, anayeshuka leo Makambako kuchukua mbao. Nisalimie mama, mwambie goti lake alipake mafuta ya moto na aache kubeba ndoo. Nisalimie Shedrack na sikio lake. Jenifa, Judith na Oktavia wanakusalimu sana, na wamenisimamia hapa kuhakikisha sijaruka mstari wowote.

Sikuanza na kamwene kwa sababu haikuwa zamu yangu kuanza. Wewe ulishaanza, juu ya kabichi, mbele za watu, siku kumi na moja zilizopita. Yangu ilikuwa ni kuitikia tu. Basi pokea, kaka, imechelewa lakini ni yako:

Kamwene.

Mdogo wako,
Erica