Ukuta wa Jikoni Nimeusiriba

Lusajo, mume wangu mdogo,

Wewe ni mjukuu wa namna gani? Tangu tukuzike umemtokea mama yako ndotoni, umemtokea hata yule mlevi wa Bulyaga. Mimi bibi yako, niliyekuosha miguu ulipokuwa huwezi kuinama, hujanijia hata kunisalimu! Wanawake wanasema kosa ni langu, nilikataa kusiriba ukuta wa jikoni, na msiba hauishi nyumba ikiwa haijasiribwa.

Anayeniandikia ni dada yako Atupele. Nimemkataza kupamba maneno.

Huku ni soko huria, kila mlango ni duka. Baba yako mdogo anataka kubomoa jiko langu auze sabuni na mitumba. Anasema, "Mama, wenzake Lusajo pale chuo walifuga kuku, wakajenga. Yeye alifuga nini?" Nikamjibu, alifuga mawazo, wewe umefuga kitambi.

Lakini kweli, sikuielewa kazi yako. Ukasoma ng'ambo, ukarudi kufundisha Dar es Salaam kwa mshahara wa chumvi, umeng'ang'ana na vichembe visivyoonekana. Ulipougua ukaja kwangu. Chaki huna, ukachukua mkaa, ukaujaza ukuta. Ulisema kila ukipiga hesabu jibu linakuja halina mwisho, na kazi yako ni kulitafutia mwisho. Ulisema hata mahali pasipo na kitu kabisa hapatulii, panachemka. Nikasema, kama tumbo la mwenye njaa. Ukacheka mpaka kikohozi kikakubana. "Mke wangu, hiyo nitawafundishia wanafunzi."

Hukuwafundishia. Mkono wako uliishia katikati ya mstari, pale juu ya mafiga.

Jana nimesiriba. Mwenyewe, sikutaka mwingine aguse. Sijui kusoma, Lusajo, lakini alama zako nilizijua, ile yenye mkia, ile kama ndoano. Niliziaga moja moja. Nilipofika kwenye ule mstari... basi. Nilikaa chini na udongo mweupe mkononi mpaka ukanikaukia.

Sasa ukuta ni mweupe, hauna kitu. Wanavyoona wao. Mimi ulishanifundisha.

Lala, baba. Jiko hili halibomolewi nikiwa napumua, nakuahidi.

Ukija usipite mbele, kuna mbwa mpya hakujui. Pita migombani. Mkaa nimekuwekea pembeni ya figa. Niamshe kwanza, ndipo uandike.