Sahani Yangu Peke Yangu

Jumapili, Juni 1994

Na sahani yenyewe ni ile ya maua, ya wageni. Mama aliishusha kabatini leo mchana akanipakulia pilau peke yangu.

Hatujawahi kula hivyo. Tangu Mombasa mpaka hapa Penrith, Australia, sinia ni moja, tunalizunguka mkekani, na mama ndiye anayenisogezea nyama upande wangu. Lakini jana, aliporudi kutoka kazini, hospitali ya Westmead, nilimwambia kwamba mimi napenda wavulana wenzangu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama naumwa, maana wodini anakofanya usafi wamelazwa vijana wenye Ukimwi. Nikamwambia siumwi. Sijui kama alinisikia, au...

Baba bado hajui, na naogopa sana siku atakayojua. Leo aliitazama ile sahani, akauliza, "Mbona huyu anakula mbali?"

Mama alikuwa anamnyofolea nyama mdogo wangu Salma. "Ana kikohozi," akasema, bila kuinua macho.

Sina kikohozi. Baba akanigeukia, tonge mkononi, akingoja.

Nikakohoa. Halafu nikakohoa tena, vizuri zaidi.